Mtakatifu Aliyeomba Mchuzi

Abasia ya Heldal, Brabanti
Sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwaka wa Bwana 1241

Kwa Heilwich, mdogo wangu wa tumbo moja, aishiye katika ua wa akina dada wacha Mungu mjini Ostrebeke: salamu na amani ya Kristo.

Habari zimetufikia hata huku msituni. Wanasema Geila, mdogo wetu, aliyejengewa ndani ya ukuta wa kanisa lenu ili asali humo mpaka kufa, tangu mavuno hali kitu chochote ila Mwili wa Bwana, na kwamba siku zake zimekaribia. Abate Ingelram aliniita baada ya sala ya asubuhi, akaniambia, "Reinout, umeandika maisha ya watakatifu wa watu wengine. Sasa Mungu amekuletea wa kwenu." Nilipiga magoti, Heilwich. Nililia.

Basi nimeanza. Utangulizi umekwisha, na sura ya kifo nimekwisha kuipanga kichwani, kwa kuwa vifo vyao hufanana. Kinachonipa taabu ni utoto. Mimi niliingia utawani yeye hata meno ya utoto hayajamtoka. Wewe ndiye uliyebaki naye. Tafadhali kumbuka vizuri. Alipokuwa mchanga, alikataa ziwa la mama siku za Ijumaa? Watakatifu wengi hufanya hivyo. Nyuki walipata kutua mdomoni mwake? Aliwagawia maskini chakula chake? Mama, alipokuwa na mimba yake, aliota mwenge, au njiwa? Usiogope kuandika jambo dogo. Kazi ya kulikuza ni yangu.

Pia kama una kitu alichopata kukishika, kitana au kitambaa cha kichwa, kifiche mbali na watu wa mjini. Kanisa letu jipya linakaribia kwisha, na altare haiwekwi wakfu bila masalia ya mtakatifu ndani yake. Abate ana matumaini makubwa.

Kaka yako,
Ndugu Reinout


Ostrebeke
Jumapili ya kwanza ya Majilio

Kaka Reinout,

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikaenda kisimani kuchota maji ili nisivunje kitu humu ndani.

Alikataa ziwa siku za Ijumaa, ndiyo. Alikataa na Jumamosi, na Jumanne. Chuchu za mama zilikuwa zimechanika, na akishakula vitunguu maziwa yanabadilika ladha. Nyuki walitua kwake, wakamuuma kwenye kope, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Chakula chake hakumgawia mtu. Alikula chake na changu, na ile jibini ya baba iliyosemekana imeliwa na panya, sasa unajua ni panya gani. Mama hakuota njiwa. Aliota mbuzi amepanda kitandani, akamwambia baba afunge mlango.

Sasa nisikilize na mimi. Geila hafungi. Geila anaumwa. Chini ya taya, upande wa kushoto, ana uvimbe mkubwa. Nimeushika kwa mkono wangu kupitia dirisha la chakula. Hawezi kumeza. Kila siku nampelekea mchuzi wa njegere, anautia mdomoni, machozi yanamtoka, mchuzi unarudi. Watu waliosimama nje wanaona bakuli linatoka limejaa, wanafanya ishara ya msalaba. Padre naye anaona, anafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyemuuliza kama anasikia njaa. Nilimuuliza mimi. Akanijibu, "Nasikia njaa mpaka naota jibini."

Lambrecht kinyozi, yule anayetumbua majipu, anasema jipu la namna hiyo likipasuliwa mtu anapona, likiachwa linammaliza. Lakini lazima mgonjwa aketi mbele yake kwenye mwanga na kichwa kishikwe. Kupitia kidirisha kile haiwezekani. Na mlango umezibwa kwa mawe na kupigwa muhuri wa askofu. Unajua, maana siku hiyo wewe ndiye uliyeshika mshumaa. Anayeweza kuruhusu ubomolewe ni askofu tu, naye humsikiliza abate wako, aliye msimamizi wa Geila.

Ombi langu ni moja. Mwambie abate amwandikie askofu. Geila anataka kutoka. Amesema kwa mdomo wake: "Heilwich, niombee nitoke." Mkuu wetu amekubali alale kwetu, karibu na moto. Kaka, mficha maradhi kifo humuumbua. Usiyafiche haya ndani ya kitabu chako.

Heilwich


Heldal
Siku ya Mtakatifu Lusia

Mpendwa mdogo wangu,

Barua yako imenifaa kuliko unavyodhani. Nilikuwa sina sura ya majaribu, na maisha ya mtakatifu bila majaribu ni chakula bila chumvi. Kila mkaapweke, kifo kikikaribia, shetani humjia na kumwonyesha mlango. Maneno yake "niombee nitoke" nimeyaweka kama yalivyo, nikaongeza tu "katika mwili huu". Yanasomeka vizuri sana. Nyuki nao nimewaacha watue. Sikusema walifanya nini baadaye.

Kuhusu kubomoa ukuta, kumbuka siku ile. Tulimwimbia Misa ya Wafu akiwa mzima. Alilala ndani ya kaburi lililochimbwa mle chumbani, kando ya Mama Ymma aliyekaa humo kabla yake na kuzikwa humo humo, na padre akammwagia udongo. Geila amekwisha kufa kwa ulimwengu, tena kwa hiari yake. Maiti hatoki kaburini kwa sababu ya jipu.

Wewe unamtazama kwa jicho la dada, na sikulaumu. Mimi nimepewa kazi ya kumtazama kwa jicho la wale watakaokuja baadaye. Hata hivyo nitazungumza na abate. Uwe na subira.

Reinout


Ostrebeke, dirishani kwa Geila
Siku ya Watoto Mashahidi

Kaka Reinout,

Heilwich anaandika, mimi nasema. Amekaa kwenye theluji na wino unaganda, kwa hiyo sitarefusha, na koo lenyewe halinipi nafasi.

Unakumbuka ulivyopenda kucheza mazishi? Ulijifunga shuka la mama, ukawa padre. Heilwich alikuwa waombolezaji wote. Mimi nilikuwa maiti, kila siku mimi, kwa sababu nilikuwa mdogo na nilienea kwenye hori la ng'ombe. Nikicheka ulinizaba kofi, ukasema maiti hacheki. Lakini ulikuwa na sheria moja, usiikatae: maiti akisema "basi", mchezo umekwisha, anatolewa.

Sasa nasema basi.

Sijamkasirikia Mungu. Niliingia humu nikimpenda na bado nampenda, ingawa uliponiambia atakuwa anakuja dirishani sikujua kwamba atakayekuja zaidi ni paka. Paka mwenyewe amenona, maana mchuzi wangu wote anamaliza yeye. Nitasali hata nikiwa nje. Nitasali nikikamua, nitasali nikisokota sufu. Lakini sitaki kufa kwa kitu ambacho kinyozi anaweza kukitoa kabla ya chakula cha mchana. Na sitaki kuwa mtakatifu, kaka. Sina tabia hizo. Muulize Heilwich nani aliiba jibini.

Naogopa. Usiku koo linajifunga na nakaa wima mpaka kupambazuke. Huku ndani kaburi langu liko wazi, miguu yangu inalipapasa kila ninapogeuka. Mwambie abate. Mwambie leo, usingoje sikukuu.

Geila,
maiti wako


Heldal
Siku ya Mtakatifu Agnesi

Kwa Geila, mdogo wangu katika mwili, mkubwa wangu katika roho,

Barua yako niliisoma mbele ya ndugu wote, na wengi walilia. Abate alisema watakatifu wa kweli hufa wakitania. Habari ya paka sikuitia kitabuni.

Ombi lako nililifikisha. Abate alimwandikia askofu, na askofu amekataa. Ndivyo ilivyo. Lipokee jibu hilo kama ulivyopokea pazia jeusi la dirishani siku ulipoingia, bila kuuliza. Usimsumbue tena Heilwich kwa jambo hili, naye asitusumbue sisi.

Nakuomba kitu kimoja tu. Ukiona saa imefika, sema neno fulani zuri, la kukumbukwa, na Heilwich aliandike kama lilivyo. Nimeacha nafasi kwenye ukurasa.

Reinout


Ostrebeke
Siku ya Mtakatifu Skolastika, ambaye naye alikuwa dada wa mtu

Reinout,

Nimekwenda kwa miguu mpaka mji wa askofu. Nilitaka kumwona huyo aliyesema hapana, nipige magoti mbele yake, na ikibidi nimshike joho. Nilipokewa na karani wake, mzee mwenye mafua. Akaniuliza habari yangu, nikampa. Akaniambia, "Mama, kutoka Heldal hatujapata ombi lolote. Hapa hajakataliwa mtu."

Nikamweleza yote. Akauliza, "Mwenyewe anataka kutoka? Na ni mgonjwa?" Nikasema ndiyo. Akaandika kibali, akakipiga muhuri wa askofu kabla sijamaliza kupenga kamasi. Alichoomba ni tufanye kimyakimya, mji usije ukageuka soko.

Ni hivyo tu, Reinout. Kilichohitajika ni hicho tu.

Asubuhi baada ya sikukuu ya Mishumaa fundi alibomoa. Geila alitoka amefunika macho kwa viganja. Nilimbeba mgongoni kama nilivyombeba utotoni, na wakati ule alikuwa mzito zaidi. Lambrecht alimkalisha kwenye kigoda, mimi nikashika kichwa, akapasua. Harufu yake sitakusimulia. Kesho yake alikunywa mchuzi, ukapita. Akanywa tena, ukapita. Jana amekula jibini laini akalamba na vidole. Lile pengo lako la ukurasani unaweza kulijaza. Alisema, "Ongeza chumvi."

Lakini kuna jambo linanitisha. Mjini wamekuta ukuta umebomoka na chumba kitupu, wanasema amechukuliwa na malaika. Padre anajua ukweli lakini anatazama viatu vyake, maana sadaka hazijapata kujaa hivi. Na kwa kuwa tangu aingie hakuna aliyeuona uso wake, anapita katikati yao wasimjue. Yeye anacheka. Mimi sicheki. Wewe ni kaka yake, tena mtawa. Neno lako litasikilizwa. Njoo useme ni yeye kabla uongo huu haujaota mizizi.

Ulitudanganya, na nitakusamehe siku nyingine. Leo njoo umwone tu. Anakuulizia.

Heilwich


Heldal
Juma la pili la Kwaresima

Kwa Heilwich,

Kitabu kimekwisha. Geila mtakatifu alilala katika Bwana asubuhi baada ya Mishumaa, akitabasamu, mikono imekunjwa kifuani. Abate mwenyewe alikwenda Ostrebeke pamoja na ndugu. Chini ya sakafu ya chumba walikuta mifupa mizuri, yenye harufu ya waridi, wakaileta kwa nyimbo. Wiki ya Pentekoste itawekwa ndani ya altare. Kuna kipofu aliyeigusa, naye tayari anasema anaona weupe.

Kuhusu mwanamke mgonjwa mnayemtunza, naamini mtamtendea wema kama mnavyowatendea wote. Ingefaa apewe jina jingine.

Fikiria wangapi wataumia, Heilwich. Wagonjwa wameanza kuja kwa magongo. Ndugu wamebeba mawe ya kanisa hili tangu wakiwa vijana, na sasa ni wazee. Abate hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza kama imekwisha.

Usiniandikie tena habari zake.

Ndugu Reinout


Ostrebeke
Juma la Utatu Mtakatifu

Ndugu Reinout,

Nakuandikia kwa mara ya mwisho, tena kwa sababu moyo wangu hautatulia nisipoyasema.

Mwaka mzima wanawake hawakanyagi kanisani kwenu. Ila altare ikishawekwa wakfu mnatufungulia siku chache, tuone na tushangae. Geila akasema, "Twende. Akiniona kwa macho hataweza." Nilimwambia, "Huyo hakujui wewe, anajijua yeye tu." Akasema, "Ni kaka yetu."

Tukaja. Ulisimama kando ya altare na maji ya baraka. Alipanga foleni na viwete na akina mama wenye watoto wa kifafa. Alipokufikia alishusha kitambaa, akakuonyesha uso na kovu, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Kaka, nilisema basi." Najua ulisikia, maana maji ya baraka yalikumwagikia kwenye viatu. Kisha ukamnyunyizia kama wengine wote, ukasema, "Pita, mama."

Pita, mama!

Mifupa ile ni ya Mama Ymma, ambaye mji mzima unajua alichechemea. Pimeni miguu muone. Tulipofika nyumbani Geila akaniambia kwamba, kama ni lazima apewe jina jingine, la Trude halina ubaya, zamani alikuwa na ng'ombe wa jina hilo, naye alikuwa mpole. Halafu akalala kifudifudi na kulia mpaka akina dada wakaja mlangoni. Sasa tunamwita Trude. Anakamua na kutengeneza jibini, na hajaiba tena, maana zote ni zake.

Hatutakuja tena. Mlango wenu umefungwa, na mimi nimeufunga wangu.

Heilwich


Heldal, chumba cha wagonjwa
Siku ya Mtakatifu Vinsenti, mwaka wa Bwana 1251

Heilwich,

Anayekuletea barua hii ni ndugu wa kazi apelekaye sufu mjini. Ana hofu, msimuulize maswali.

Koo langu limevimba. Upande wa kushoto, chini ya taya. Maji yenyewe yanapita kwa tabu. Ndugu wamefurahi. Wanasema Mtakatifu Geila amenishirikisha kufunga kwake kwa sababu nilimwandika vizuri. Ndugu Wouter, kijana mwenye mwandiko safi niliyemfundisha mwenyewe, ameketi kando ya kitanda na kibao cha nta, anaandika kila nisemacho. Jana nilimwomba aniitie kinyozi. Nilimwona akiandika, akafuta, akaandika kitu kirefu zaidi. Nikamwambia nina njaa. Akaniuliza kwa upole, "Njaa ya haki, baba?" Nilimrushia kikombe. Ameandika na hilo, na sijui limekuwa nini.

Abate Ingelram amekufa, na huyu mpya amekua akisoma kitabu changu. Nikisema nataka kutibiwa, ananishika mkono na kunisomea sura ya majaribu. Anaijua kwa moyo.

Lambrecht yu hai? Mleteni. Na mchuzi ule wa njegere, uchujeni uwe mwepesi. Yaliyopita tusiyaseme, sina koo la kuyasema. Ila kwa jina la mama aliyetuzaa, njooni upesi. Usiku linajifunga, nakaa wima.

Mwambie Geila nasema basi.

Reinout


Ostrebeke
Mkesha wa Mishumaa

Kaka,

Barua imechelewa, barabara zote ni barafu. Tunaondoka kesho.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Geila akaninyang'anya kalamu. Hajui kuandika, alininyang'anya tu, akasema, "Acha methali, loweka njegere." Huyo ndiye uliyemwambia apite.

Lambrecht amezeeka, mkono unatetemeka akishika kijiko, lakini akishika kisu hautetemeki. Tutamleta kwa mkokoteni. Wewe jitahidi uwe hai. Na mbele ya kijana huyo usiseme tena neno lolote zuri. Omba mchuzi. Omba mchuzi mpaka achoke kuandika.

Heilwich


Heldal
Siku ya Mtakatifu Skolastika

Kwa Heilwich mheshimiwa, wa ua wa akina dada: Ndugu Wouter, mdogo kuliko watawa wote wa Heldal, salamu na faraja.

Ndugu Reinout, baba na mwalimu wangu, ametutoka, tena siku ipi! Asubuhi baada ya Mishumaa, siku ya Mtakatifu Geila mwenyewe, ambayo sisi wa Heldal hatuonji kitu mpaka jua lizame. Angeweza kuchagua siku tukufu zaidi?

Shetani hakumwacha mpaka mwisho. Asubuhi hiyo alikuja langoni katika umbo la wanawake wawili na mzee mwenye kisu. Mmoja wao alibeba chungu kinachofuka moshi, akidai kwamba yeye ndiye Geila. Geila! Siku ya Geila! Bawabu alimmwagia maji ya baraka. Hakukimbia kama wafanyavyo pepo. Alikaa chini kando ya lango, akapaza sauti akiita jina la Ndugu Reinout, akaita na kulia mpaka chungu kikapoa. Yule mzee alionyesha kisu chake kidogo na kusema ni kazi ya muda mfupi. Bawabu akafunga lango.

Sauti ile ilifika hadi chumba cha wagonjwa. Ndugu Reinout alijaribu kushuka kitandani, akinyoosha mikono yote miwili dirishani. Tulimshika watu wanne tukimwimbia zaburi, na kwa neema ya Mungu tulishinda. Neno lake la mwisho lilikuwa "basi". Abate anasema ni kama Bwana wetu alipokamilisha kazi yake msalabani. Uso wake haukuwa na tabasamu, lakini hilo ni jambo dogo.

Nimeagizwa kuandika maisha yake, na wewe ndiye pekee wa damu yake aliyebaki. Tafadhali kumbuka vizuri. Alipokuwa mchanga, alikataa ziwa la mama siku za Ijumaa? Nyuki walipata kutua mdomoni mwake? Mama yenu aliota mwenge, au njiwa? Usiogope kuandika jambo dogo. Kazi ya kulikuza ni yangu.

Ndugu Wouter


Ostrebeke
Jumatano ya Majivu

Kwa Ndugu Wouter,

Heilwich anaandika, mimi nasema.

Mama alituhadithia. Reinout hakukataa ziwa hata siku moja. Alinyonya Ijumaa, alinyonya Kwaresima yote, alinyonya mpaka Heilwich alipozaliwa akakosa nafasi. Alikuwa mtoto mwenye njaa. Amekufa mtu mzima mwenye njaa, mchuzi ukiwa langoni kwenu. Andika hivyo. Usikikuze kitu.

Alisema basi, na mliomshika mlikuwa wanne. Andika na hilo.

Chungu chetu kimebaki kwa bawabu. Kirudisheni, tunakipikia.

Geila,
wa ndani ya altare yenu